Asiyekuwepo Naye Ana Kiti

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa na tabia ya kuwasubiri wasiokuwepo. Akiita majina mwanzo wa somo na pasiwe na wa kuitikia, hakukimbilia jina linalofuata. Alinyamaza kwa muda ule ule ambao mtu mzima angetumia kusema "nipo" bila haraka, halafu akaendelea. Mwenzetu mmoja alihamia Songea kufuata biashara ya mahindi mwezi wa pili tu wa masomo, na Mwalimu alimsubiri karibu miaka mitatu, kila jioni, bila kukosa. Tulipomwambia kwamba huyo kahama na hata mke kaoa huko huko, alijibu kwa sauti yake ya mtu aliyepanda mlima na gunia kichwani: "Asiyekuwepo naye ana kiti."

Namwandika kwa sababu kiti chake mwenyewe nilikiondoa mimi. Nalisema mapema ili usije ukacheka na mimi kurasa zote halafu mwisho unione mnafiki. Mwalimu alikuwa akipoteza macho. Madaktari wa macho walikuja Mtwara, jina lake likapelekwa, na programu niliyoiandika mimi, kwa ufundi alionifundisha yeye, ikalitupa. Ili uelewe ilivyokuwa lazima kwanza umjue, na kumjua si kazi ndogo. Mimi mwenyewe nilikaa naye miaka mitatu na bado nilipitwa na jambo kubwa kuliko yote.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sijui. Watu wa Mikindani walisema ni wa kwao. Watu wa Likombe, alikoishi, walisema ni mtu wa kuja. Yeye hakusema, na kwetu ukiuliza mara moja usijibiwe, huulizi ya pili.

Darasa lilikuwa Chuno, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, kwenye chumba kilichowahi kuwa ghala la korosho. Korosho zilikwisha kuondoka lakini harufu yake ilikataa kuhama. Joto la chumba kile, nakwambia, ungeacha muhogo mbichi mezani wakati wa kuita majina ungeukuta umeiva wakati wa kuaga. Tulikuwa na kompyuta nne. Moja ilifanya kazi. Ya pili ilifanya kazi siku za baridi, na wewe unaijua Mtwara. Ya tatu tuliitumia kuwekea chai. Ya nne Mwalimu alikataa isiguswe, eti inapumzika.

Miaka hiyo, mwanzoni mwa elfu mbili, umeme wa mji ulitoka kwenye majenereta ya mafuta na ulikuja kwa hiari yake. Tulianza baada ya Magharibi na mara nyingi taa zilizima kabla hatujakaa sawa. Mwalimu hakushtuka. Aliwasha kandili, akachukua chaki, akaandika upande wa ndani wa mlango, maana ubao hatukuwa nao. Mlango ule umefundisha watu wengi kuliko kompyuta zote nne.

Wanafunzi tulikuwa watu wa kazi nyingine. Mimi mchana nilibeba magunia ghalani. Kulikuwa na fundi cherehani, makarani wawili waliokuwa wakisinzia kwa zamu, na mama mmoja mbangua korosho, Mmakonde wa Nanguruwe, mwenye vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda na ulimi mkali kuliko nyundo yake. Alinizidi umri, nikamwita dada. Yeye aliniita mdogo wangu akiwa na furaha, na mchukuzi akiwa amechoka. Mara nyingi alikuwa amechoka. Sote tulikuwa tumechoka. Ukimsalimia Mwalimu, "Habari za leo?", alijibu, "Nzuri, zimechoka tu."

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kukata maandishi. Nitalieleza kama alivyotueleza, maana sikuwahi kupata maelezo bora. Umeletewa mstari mmoja mrefu: jina la mtu, koma, kijiji chake, koma, umri, koma, na kadhalika. Kwa mashine huo ni mstari tu, herufi zimefuatana kama siafu, haijui jina linaishia wapi na kijiji kinaanzia wapi. Kazi yako ni kuiambia pa kukata. Kama wote wangeandika koma, ingekuwa kazi ya mtoto. Lakini karani wa Msimbati anaandika koma, wa Kilambo anaandika nukta mkato, wa Msanga Mkuu anapiga alama ya mkwaju, na kuna mmoja anayeacha nafasi mbili kabla na tatu baada kwa sababu anaona inapendeza. Hapo huiambii tena mashine "kata kwenye koma". Unaichorea sura ya mahali pa kukatia. Vitabu vya Kiingereza vina jina refu la mchoro huo, sisi kwa kifupi tukasema regeksi, na Mwalimu alisema ruwaza. Aliiandika mlangoni:

\s*[,;/]\s*

Tukaikodolea macho. Ilionekana kama kuku aliyekanyaga wino. Mama mbangua korosho aliinamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia, akauliza kama hilo ni somo au hirizi, maana kwao mtu akikuta kitu kama hicho mlangoni hahamishi mguu mpaka aitwe shehe.

Mwalimu hakucheka, ingawa bega lake moja lilitikisika. Akatusomea taratibu. Mabano yale ya mraba ni kikapu: koma, nukta mkato au mkwaju, chochote kimoja kati ya hivyo. Ile s yenye mstari ulioinama ni nafasi. Na ile nyota baada yake maana yake ni nyingi kadiri zilivyo, hata kama hakuna hata moja. "Nyota ni mlafi," alisema. "Ukimpa nafasi kumi anameza kumi. Usipompa kitu, halalamiki." Mama akasema basi nyota ni kama shemeji yake wakati wa futari, ila huyo hulalamika. Tangu hapo sikuisahau nyota.

Alifundisha kwa wembe. Alikata mifuko ya saruji vipande virefu vyembamba, akaandika juu yake mistari ya majina, na kila mtu akapewa wembe na utepe wake. "Leo nyinyi ndio mashine," alisema. Tulipitisha kidole kutoka kushoto, tukikuta alama tunakata, alama yenyewe tunaitupa, tunaweka vipande mezani kwa mpangilio. Fundi cherehani alikata vizuri kama aliyezaliwa na wembe mkononi. Mimi nilikata kidole. Mama alisema hii ni kubangua tu: ukigonga pasipo pake unapata makombo, na makombo hayana bei. Mwalimu akasema hajawahi kusikia mtu akilieleza somo lile vizuri kiasi hicho, na kwamba kukata si kazi, kazi ni kujua pa kukata. Kwa wiki nzima mama yule alitembea Chuno kama mke wa mkuu wa mkoa.

Jioni moja alitugawia tepe zilizoishia kwa koma. Jina, koma, kijiji, koma, umri, koma, halafu basi, hakuna kitu. Ukikata koma ile ya mwisho unabaki na kijipande cha mfuko wa saruji kisicho na herufi hata moja, chembamba kama ukucha. Sote tulikipeperusha chini. Mwalimu akapiga magoti sakafuni, mzee wa watu, akaanza kupapasa na kuviokota kimoja kimoja, akaturudishia kila mtu chake mezani.

Akatueleza kwamba mashine nayo ina tabia hiyo hiyo. Kipande kitupu kikiwa katikati ya mstari itakuwekea. Kikiwa mwishoni itakitupa kimya kimya bila kukuuliza, kwa kuwa inadhani hukihitaji. Ukitaka kibaki lazima uiambie, na namna ya kuiambia katika lugha tuliyojifunza ilikuwa kuongeza namba mwishoni mwa amri: hasi moja. "Andikeni hasi moja," alisema. "Hata kama hamwoni sababu. Mtu hakuandika kitu, lakini nafasi yake aliiacha. Msimtupie."

Tuliandika kwenye madaftari. Ninalo daftari langu mpaka leo. Hasi moja ipo, nimeipigia mstari mara mbili, na pembeni nimechora nyota ikila futari.

Sasa tabia zake, maana nisipozisema utadhani alikuwa malaika.

Alikuwa mtu wa kukata vipande anayeshindwa kutupa chochote. Nyumbani kwake Likombe kulikuwa na redio mbovu zaidi ya mia, au basi tuseme ishirini, nina ugonjwa wa kutia chumvi. Alihubiri mpangilio, ila shati lake nililiona limefungwa vifungo sawasawa siku mbili tu, na moja ilikuwa Idi. Aliichukia haraka, lakini akitembea barabara ya Mikindani alipita baiskeli. Alituambia mashine haina huruma wala chuki, ina utii tu, kisha kabla ya kuiwasha aliigonga kwa kidole na kusema "hodi". Simu ya mkononi alikataa. Alisema amepigiwa kelele vya kutosha na walio karibu.

Miwani alikuwa nayo, akaivaa kwenye paji la uso. Mama alimuuliza kama huko juu ndiko anakosoma. Akasema huko kichwani ndiko anakoelewa bado.

Kwa mchelewaji hakuwa na ukali. Ukiingia saa nzima baada ya wenzako, jasho likikutiririka, ukiwa umeandaa uongo wako safi kuhusu pancha, hakukupa hata nafasi ya kuusema. Alisema, "Umechelewa. Kaa." Maneno mawili, na la pili ndilo alilolisema kwa nguvu zaidi. Niliwahi kubeba uongo mzuri sana kutoka ghalani mpaka Chuno, wenye lori na polisi na mbuzi, na sikuutumia. Unaniuma mpaka leo.

Mwaka wa pili alianza kututaka tumsomee. Tukiandika programu hakuja tena kuangalia kioo. Alikaa kwenye kiti chake kilichoungwa mgongo kwa kamba ya katani, akafumba macho, akasema, "Soma." Ukasoma kila kitu, pamoja na alama: mabano ya mraba, koma, nukta mkato, mkwaju, mabano yamefungwa, nyota. Ukiruka koma moja alikusimamisha. Ukiongeza nafasi isiyokuwepo alikunja uso kama mtu aliyetafuna mchanga. Tulidhani ni mbinu ya kufundishia. Makarani wetu wawili waliisifu, wakasema ndivyo wanavyofundisha Ulaya. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba mtu yule alikuwa haoni kioo.

Hilo ndilo jambo lililonipita. Jioni ile alipopapasa sakafuni akiokota vijipande vyetu, niliona unyenyekevu. Mama mbangua korosho peke yake aliona vidole. Aliniambia baadaye kwamba mtu anayeona haokoti hivyo.

Tulimaliza. Nilipata cheti chenye jina langu kwa herufi zilizopinda, na kwa cheti hicho nikapata kazi ya karani wa kompyuta katika hospitali moja hapa mjini, mimi mchukuzi, nikaketi chini ya feni. Mwezi wa kwanza niliogopa kusimama nisije nikakuta kiti kimechukuliwa. Mwalimu aliendelea mwaka mmoja zaidi, kisha darasa likafungwa. Tulisikia amechoka. Hatukushangaa, alikuwa amechoka siku zote. Sikwenda kumwona. Nilikuwa na shughuli, na shughuli zangu, kwa jinsi nilivyozisimulia, zilitosha watu sita.

Halafu ikaja habari ya madaktari wa macho. Wangetoka Dar es Salaam, wakae wiki moja, wapasue watu wenye mtoto wa jicho, waondoke. Matangazo yakapelekwa mpaka vijiji vya mdomo wa Ruvuma. Kila kijiji na kila mtaa ukaandikisha watu wake, makarani wakapiga majina kwenye kompyuta za kuazima, na kila mtu alikuwa na vitu vitano: jina, anakotoka, umri, jicho gani, na nani atamsindikiza.

Hicho cha tano ndicho kilichotuponza. Kwetu mtu haendi hospitali peke yake. Lazima awepo wa kumpikia, wa kumshika mkono, wa kukaa chini ya dirisha. Sasa kuna watu ambao hawana huyo mtu. Karani wa kijiji akifika kwao na kuuliza, mzee ananyamaza. Karani ni mtu mwenye adabu, amezaliwa hapa, anajua kwamba kumwandikia mzee "hana mtu" kwenye karatasi ya serikali ni kumvua nguo sokoni. Kwa hiyo anaweka koma, anaacha wazi, anaaga. Anamsitiri.

Mistari ile yote ikaletwa kwangu ikiwa imechanganyika koma, nukta mkato, mikwaju na nafasi za urembo. Mganga mfawidhi aliuliza kama nitaweza kuipanga katika wiki mbili. Nikasema siku moja. Nilifanya kwa nusu siku, na hapo sitii chumvi. Niliandika ruwaza ile ile ya mlangoni. Nikaongeza kitu kimoja cha ujanja wangu mwenyewe, nikijiona fundi: mstari wowote usiotoa vipande vitano ni mbovu, uwekwe kwenye faili la pembeni. Hasi moja sikuiandika. Sikuikumbuka wala sikuikataa. Nilikuwa nafurahi, na mtu akifurahi mikono yake inakwenda mbele yake.

Faili la pembeni lilipata mistari kumi na moja. Nikasema moyoni, katika mamia, kumi na moja mibovu ni ushindi. Sikuifungua. Orodha ikachapwa safi, ikapangwa kwa vijiji, mganga mfawidhi akaishika kwa vidole viwili kama picha iliyotoka kuoshwa, akasema hajawahi kuona. Nilisimama pale nikanenepa.

Wiki ile majina yalisomwa kwa kipaza sauti uwanjani. Nilikuwa ndani, chini ya feni, dirisha wazi, nikisikia orodha yangu ikisomwa jina baada ya jina kama kasida. Sikutoka nje. Ningetoka ningemkuta.

Miezi ilipita. Nilikutana na mama mbangua korosho sokoni Chuno, anauza ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini, kwa kuwa msimu wa korosho ulikuwa bado. Nilimsalimia kwa mbwembwe, nikamwambia habari za feni. Akanifungia ming'oko kwenye gazeti bila kunitazama.

"Mchukuzi," alisema, "Mwalimu alikaa pale kwenu siku tatu. Nilimpeleka mimi siku ya kwanza, nikamwacha kwenye baraza. Wakasoma, wakasoma, wakafunga. Siku ya pili akaenda mwenyewe, anapapasa ukuta. Ya tatu hivyo hivyo. Nikamuuliza umeambiwaje. Anasema sikuitwa. Nikamwambia si ukaulize, kijana wetu yumo humo ndani. Anasema asisumbuliwe, ana kazi."

Nilisema huenda hakuandikishwa. Akasema aliandikishwa, mjumbe wa mtaa alimwandika, yeye mama akiwa amekaa pale pale, na alipoulizwa msindikizaji Mwalimu alisema acha wazi. Mama alijitolea. Mwalimu alikataa, eti mtu mwenye watoto na korosho za watu hawezi kukaa wiki chini ya dirisha.

Ming'oko ilikuwa ya moto na niliishika mkononi mpaka ikapoa. Nilirudi ofisini ilhali zamu yangu ilikwisha. Nikafungua faili la pembeni. Mistari kumi na moja, na yote kumi na moja haikuwa na ubovu wowote. Yote iliishia kwa koma, au nukta mkato, au mkwaju, na baada yake weupe. Wa saba alikuwa wa Likombe.

Ubovu wote ulikuwa kwangu. Mashine ilitii tu, na adabu yetu ilikutana na utii wake, na katikati yao nilikuwa nimekaa mimi ninayejua neno moja la kuwapatanisha, nimelipigia mstari mara mbili.

Sikwenda Likombe siku hiyo, wala wiki hiyo. Nilianza na wale kumi kwa kuwa nilimwogopa wa kumi na moja. Nilikopa baiskeli, kila Jumapili kijiji. Saba niliwapata, nikawaandika upya mwenyewe. Wawili walikuwa wamevuka Ruvuma kwa ndugu zao Msumbiji. Bibi mmoja wa Msimbati alikuwa amekwisha kuzikwa. Majirani waliniambia ni homa, si macho, nisijisumbue. Lakini waliniambia pia kwamba siku za mwisho aliuliza kila aliyeingia kama kumekucha. Niliendesha baiskeli kutoka Msimbati mpaka mjini, na kama kuna siku ambayo sina cha kuongeza wala cha kutilia chumvi, ni hiyo.

Nilifika Likombe baada ya Alasiri. Mwalimu alikuwa kwenye baraza, redio moja imefunguliwa tumbo mapajani mwake, anapanga skrubu kwa vidole, ndogo huku, kubwa huku. Miwani ilikuwa bado kwenye paji. Macho yake yalikuwa na ukungu, la kushoto jeupe kabisa.

"Bado unatembea kama una gunia," alisema kabla sijapiga hodi.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasema habari ni nzuri, zimechoka tu. Nilikuwa nimeandaa maneno barabarani, mazuri kuliko ya lori na polisi na mbuzi. Yote yalikauka. Nikamwambia kwa kifupi: programu ilikuwa yangu, jina lake lilikuwamo, nililitupa mimi.

Hakuacha kupanga skrubu. Aliuliza ruwaza ilikuwa ipi. Nikamwambia. Akasema ruwaza ni sahihi. Akauliza kama niliandika hasi moja, nikasema hapana, akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa alioushuku zamani. Halafu akauliza tulikuwa wangapi tuliotupwa. Alisema tulikuwa, akajitia humo. Nikamhesabia: saba, wawili, mmoja. Kwa yule mmoja aliweka skrubu chini.

"Jina lake ulilisoma?"

"Nililisoma, Mwalimu."

"Kwa sauti?"

Nikasema hapana. Akanitaka nilisome. Nikalisoma pale barazani, jina la bibi wa Msimbati, naye akanyamaza kwa ule muda wake. Jirani aliyekuwa anatwanga upande wa pili wa ua alisimamisha mchi, sijui kwa nini.

Nikamwambia madaktari watarudi baada ya msimu wa korosho. Jicho la kushoto sikumwahidi, mganga alishaniambia kwamba lililokaa sana hivyo huwa na mambo mengine nyuma yake. La kulia labda. Mwalimu alisema labda ni neno zuri, halina kiburi. Kisha akafumba macho, akaegemea ukuta kama alivyoegemea kile kiti cha kamba.

"Umeniletea mstari wangu?"

Nilikuwa nao mfukoni, nimeuchapa. Karatasi ilikuwa imelowa jasho.

"Soma."

Nikasoma kama alivyotufundisha, bila kuruka. Jina lake, koma. Likombe, koma. Sitini na mbili, koma. Yote mawili, koma.

"Halafu?"

"Halafu hakuna kitu, Mwalimu. Msindikizaji hakuandikwa."

Alibaki vile vile, macho yamefungwa, uso umeelekea niliposimama, na ukimya ukaanza kurefuka. Nilidhani amekasirika. Nilidhani amesinzia. Kisha nikautambua ukimya wenyewe. Niliusikia kila jioni kwa miaka mitatu, kwa ajili ya mtu aliyehamia Songea, na sikuwahi kujiuliza yule mtu angejibu nini kama angetokea mlangoni.

"Nipo," nikasema.

Mwalimu alifumbua macho, akapapasa kando yake mpaka akaipata stuli, akaisogeza kwangu.

"Umechelewa," alisema. "Kaa."